Mjomba Hajawahi Kuanguka

Al-Hindawiyah, Jeddah
14 Oktoba 2022

Mjomba Yassir,

Shikamoo. Ukiona karatasi hii inanuka samaki, usinilaumu mimi. Gilbert ameniahidi kuiweka mbele, kando ya kiti chake, lakini lori lake halina kona isiyonuka. Anasema kesho kutwa atakuwa Riyadh. Mimi mzima. Mama naye mzima huko Ukunda, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Analalamika kwamba ukimpigia simu husemi zaidi ya maneno matano, kisha unakata. Mimi hata hayo matano sijayapata tangu Septemba. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kitu ambacho sijakifanya tangu nitoke chuo.

Kazini nimepewa jambo la peke yangu. Bi. Hadil, msimamizi wangu, anataka nichunguze kwa nini baadhi ya wageni wa hoteli yetu hurudi ufukweni, na wengine wakiondoka hawaonekani tena. Yeye na mimi ni rika moja. Anaendesha gari lake mwenyewe na huongea kama mtu anayekimbizwa. "Mwatime," aliniambia, "kila mwezi kunafunguliwa ufukwe mpya huko kaskazini. Mchanga ni mchanga, bahari ni bahari. Niambie kwa nini mtu arudi kwetu." Ripoti inatakiwa mwezi wa tano.

Nilimweleza habari za Mama, jinsi alivyofanya kazi miaka ishirini katika hoteli za Diani, na jinsi wahudumu walivyowaita wageni wanaorudi maripita. Kila mhudumu alikuwa na kidaftari. Mama aliandika: huyu hapendi mto laini, huyu mkewe amefariki, usimuulize aliko. Mwaka unaofuata mgeni anafika, anakuta mto mgumu kitandani, na hakuna anayemuuliza lolote. Bi. Hadil alilipenda jambo hilo akaniambia nitengeneze kadi ya kila mgeni. Sasa ninazo kadi zaidi ya mia tatu, na nyingi nazikumbuka kwa kichwa. Wakati mwingine naona kwamba najua zaidi mambo ya watu hawa kuliko ninavyojua ya kwangu.

Bwana Mutlaq, yule mgeni wa nyumba namba tisa niliyemtajia jina lako, amekuja tena, mara ya tatu sasa. Anakusifu mno. Nilipokutaja kwake ulikuwa mlinzi wa maduka, unasimama mlangoni kwa saa kumi na mbili kila siku, nami nilidhani nakutoa kwenye kusimama. Niambie ukweli, kazi ikoje?

Mpwa wako,
Mwatime


Riyadh
9 Novemba 2022

Mpwa wangu Mwatime,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako ilinifikia na harufu yake yote; nilipoifungua paka wa hapa alikuja mbio. Mama yako mwambie goti alikande kwa mafuta ya nazi yenye chumvi, aache kupanda ngazi za watu kwenda kusikiliza maneno. Kuhusu simu, kioo chake kimevunjika, na mwanga wake sasa unanichoma macho. Niandikie tu. Karatasi haina mwanga.

Umeuliza kazi. Kazi yangu ni ileile ya kusimama, ila siku hizi nikisimama napigwa. Bosi ana jimu yake chini ya ofisi, ina ulingo kamili, kamba na kila kitu. Anajitayarisha kwa mapambano ya ridhaa, na lazima apate mwili wa kujifunzia. Mwili wenyewe ndio mimi. Mkataba unasema nikinge, nisirudishe. Jioni nne kwa wiki, raundi sita. Mkufunzi ni Mfilipino mfupi mwenye huruma, kila raundi ikiisha hunifuta uso na kuniambia, "Yalla, mzee, bado kidogo." Mzee! Nina miaka thelathini na minane.

Usijali. Mimi nimepigwa na watu wa Likoni waliokuwa hawajala tangu asubuhi. Huyu ameshiba. Mkono wa mtu aliyeshiba huchelewa.

Tena bosi mwenyewe si mtu mbaya. Alihamisha ikama yangu, kile kibali cha kuishi, kwake kwa dakika chache kwenye simu, siku hizi mambo ni mepesi, sasa yeye ndiye kafili wangu, mdhamini wangu huku. Ananisalimia kwa jina. Akimaliza kunipiga huniletea maji kwa mkono wake.

Sasa nikuchekeshe. Huyo paka wetu ana kituko. Kila siku anakuja kukaa juu ya mizani ya kupimia mabondia. Si kando yake, juu yake kabisa, mkia ameukunja. Ukimfukuza anarudi. Ukimmwagia maji anarudi amelowa. Mkufunzi amechoka, sasa anamwandika kwenye ubao pamoja na sisi: Mutlaq, kilo themanini na moja, Yassir, sabini na tisa, Paka, nne na robo.

Na hiyo ripoti yako mimi nimeshaimaliza: wageni hurudi kwa sababu walisahau chaja. Andika hivyo, upandishwe cheo.

Mjomba wako,
Yassir


Al-Hindawiyah, Jeddah
18 Desemba 2022

Mjomba,

Shikamoo. Paka wako amenichekesha hadi Jepkoech, ninayeishi naye chumba kimoja, akaniomba nimsomee na yeye. Mama amepata nafuu, mafuta yamesaidia. Anauliza utapata likizo lini. Nimemwambia simu yako ni mbovu, na nadhani hakuniamini.

Nimeanza kuhoji wageni. Nilitarajia waniambie habari za mito, chakula na maji safi. Sivyo. Bibi mmoja kutoka Taif aliniambia anarudi kwa kuwa ni hapa ufukweni tu ambapo mumewe hukubali kutembea naye bega kwa bega, na kila safari humsubiri amshike mkono, bado hajamshika. Baba mmoja, mwanawe nusura azame hapa miaka miwili iliyopita. Mtoto ni mzima kabisa na hataki hata kuyaona maji. Baba huja peke yake kila baada ya miezi miwili, anasimama palepale hadi viatu vilowe. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema, "Siku ile nilikuwa nimegeuka. Sasa nataka kuangalia."

Nimeyaandika hayo kwenye kadi, na sijui ni huduma gani hoteli inaweza kuwapa.

Bwana Mutlaq alikuwa hapa wiki iliyopita. Kadi yake inasema anapenda ndoo ya barafu chumbani bila kuuliza, nami niliipeleka mwenyewe. Alitumbukiza mikono yote miwili humo, akafumba macho kama mtu anayeswali. Vifundo vya vidole vyake vimevimba. Kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia kuna kidonda kidogo chenye pande mbili, na pande hizo zimekaa kama alama ya meno. Mkono wenye glavu haupati kidonda cha meno.

"Mjomba wako ni ukuta," aliniambia kwa furaha. "Ukuta, wallahi."

Mjomba, anakupiga bila glavu? Unavaa kinga ya kichwa? Nijibu hayo mawili tu. Mengine utanitania baadaye.

Mwatime


Riyadh
2 Februari 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Gilbert alipita mara mbili akakuta sijaandika, mara ya tatu amekaa hapa ananingoja na anakunywa chai yangu. Salamu kwa mama yako. Goti lake vipi? Mwambie ajaribu mafuta ya nazi yenye chumvi.

Hayo meno ni yangu lakini ilikuwa bahati mbaya. Siku hiyo glavu zake zilikuwa zimelowa, akataka tufanye mzaha kidogo mikono mitupu. Jino lenyewe lilikuwa bovu tangu zamani. Kinga ya kichwa ipo, ila inanibana na inanipa joto, kwa hiyo nimeiacha. Bosi pia hapendi kuiona. Anasema usoni mwangu hajui kama nimeumia au la, na kinga inazidi kunificha.

Siku hizi ni raundi nane. Kabla ya kengele ya kwanza ananiambia, "Leo utaanguka, Yassir." Anasema polepole, hana hasira, kama mtu anayekukumbusha miadi. Mimi nacheka. Kengele ya mwisho ikilia bado nimesimama, na yeye anakaa kwenye kigoda ananiangalia kwa muda mrefu sana. Sijui nani alimtia kichwani kwamba mimi siwezi kuanguka. Huku hakuna anayejua jina langu la Ukunda.

Jumanne niliteleza bafuni, ndiyo maana mwandiko unashuka. Mkono una ganzi kidogo. Si kitu.

Sijui kama nimewahi kukwambia, jimu kwetu kuna paka. Basi huyo paka ana kituko. Kila siku anakaa juu ya mizani ya mabondia, juu kabisa, mkia ameukunja. Ukimfukuza anarudi. Mkufunzi amechoka, sasa anamwandika ubaoni pamoja na sisi. Paka, kilo tatu na nusu. Utacheka.

Yassir


Al-Hindawiyah, Jeddah
11 Februari 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Goti lilipona Desemba, kwa mafuta yaleyale ya nazi, nawe ndiye uliyemwagiza.

Habari ya paka uliniandikia Novemba. Ulitumia maneno yaleyale, hata mkia. Nimeziweka barua mbili pamoja kitandani, na mistari ya ile ya pili inateremka kulia hadi inatoka nje ya karatasi.

Gilbert nimembana. Kwanza alisema, "Mjomba wako yuko sawa, dada, ni uchovu." Nikamwambia sitampa barua nyingine mpaka aseme. Akasema alikukuta umekaa ngazini pa jimu saa tano asubuhi, kiatu cha kulia mguu wa kushoto, ukamuuliza kama kivuko cha Likoni kimeshafika. Akadhani unamtania. Akacheka, nawe ukacheka naye, halafu ukamuuliza tena.

Sasa nisikilize, kwa kuwa kuna jambo nimelikalia miezi sita.

Unauliza nani alimwambia. Ni mimi. Agosti, Bwana Mutlaq alikuwa kwenye baraza ya namba tisa analalamika kwamba kila mtu anayemlipa kufanya naye mazoezi huanguka haraka ili aende nyumbani. Nilikuwa nimesimama na sinia. Nikamwambia, "Mjomba wangu hajawahi kuanguka. Ukunda wanamwita Nguzo." Nilijivuna, mjomba. Niliona uso wake ukibadilika kama wa mtoto aliyeonyeshwa mlango uliofungwa. Nikarudi ofisini nikaandika kwenye kadi yake: Anatafuta mtu asiyeanguka. Mjomba wangu haanguki. Ahadi imetolewa. Nikaweka na tarehe, kwa mwandiko mzuri.

Yule bibi wa Taif na yule baba wa mtoto wamenifundisha kitu ambacho Mama hakukijua. Kumbe mto mgumu ni wa kumpendeza mgeni tu. Kinachomrudisha ni jambo aliloliacha hapo halijaisha, na ataendelea kuja mpaka liishe. Wewe ndiye jambo la Bwana Mutlaq. Kila jioni unaposimama hadi kengele ya mwisho, unampa sababu ya kurudi kesho.

Kwa hiyo anguka. Mara moja tu, mbele yake, ulale chini uhesabiwe hadi kumi. Hatakuwa na haja nawe tena. Nakuomba kwa jina la Mama, na kwa ada za shule ulizonilipia kwa uso wako huohuo. Anguka, mjomba.

Mwatime


Riyadh
20 Machi 2023

Mwatime,

Salamu zimefika.

Nimeisoma barua yako kwa siku nne, kidogo kidogo, herufi zinacheza. Kwanza nilikasirika kwa sababu ya kadi. Hilo limepita. Ulikuwa unanisifu, na mtu hapigwi kwa kusifu mjomba wake. La pili halijapita.

Mimi nilipanda ulingoni mara ya kwanza ukiwa mgongoni kwa mama yako, na mama yako alikuwa analia kwa woga. Nilipigwa hadi nikatapika, na sikuanguka, kwa sababu nilimwona dada yangu ananiangalia. Hiyo ndiyo siku waliyonipa jina. Sina nyumba, sina shamba, mke aliondoka, jina hilo ndilo nilichonalo. Sasa mpwa wangu, aliyesoma, ananiandikia nijilaze chini kama mbuzi ili tajiri apumzike.

Nitaanguka siku nitakayotaka mimi.

Ramadhani hatufanyi mazoezi, nitapumzika mwezi mzima, usihangaike. Baada ya Idi bosi anakuja huko kwenu na rafiki zake. Amezungumza na hoteli yenu wapange ulingo ufukweni, wageni watazame. Nitakuja naye. Nitakuona, basi. Niwekee ile samaki ya kukaanga ya mtaa wa Ghulail, yenye pilipili.

Mjomba wako


Al-Hindawiyah, Jeddah
4 Juni 2023

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mama ameniambia kwamba tangu urudishwe Ukunda sasa unakaa barazani mwenyewe, unakula kwa mkono wa kushoto, na unamgombeza akikunyoa vibaya. Nilikaa sakafuni niliposikia hayo ya kugombeza. Mungu akuzidishie.

Amesema pia kwamba kila siku unauliza jambo moja: nilianguka, au niliangushwa? Yeye hakuwepo, na Gilbert hataki kusema. Mimi nilikuwepo. Nimeahirisha wiki tano. Nitakwambia kama lilivyokuwa, kisha tusilirudie.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na nane Aprili, baada ya Alasiri. Walitandika mbao juu ya mchanga, wakafunga turubai jeupe na kamba nne. Wageni kama sitini walikaa kwenye mito. Ulikula samaki yako jikoni, ukaniambia pilipili haitoshi. Ukaniita Mwatime mara tatu, na mara ya nne ukaniita kwa jina la Mama. Nilimwomba Bi. Hadil afute shughuli hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapanda juu kwa meneja, akarudi macho mekundu. "Mgeni ameshalipia," alisema. "Halas, basi."

Raundi ya kwanza alikupiga mbavu. Kila pigo lilitoa sauti ya mtu anayepiga godoro lililolowa. Raundi ya pili nyusi ya kushoto ilipasuka, damu ikaruka hadi kwenye kanzu ya mzee aliyekaa mbele. Akasogeza mto wake nyuma, akaendelea kutazama. Ulikuwa unakinga kwa mkono mmoja tu. Wa kulia ulikuwa unaning'inia, na mimi peke yangu nilijua ni kwa sababu gani. Mkufunzi alisema, "Bosi, inatosha." Bosi hakumsikia. Alikuwa anapiga kwa utulivu, mahali palepale, kama mtu anayepigilia msumari, huku akirudia, "Leo. Leo."

Raundi ya tatu ulinitafuta kwa macho. Nilikuwa kando ya miavuli na sinia la taulo. Ulinipata. Niliinua mkono, kiganja kikitazama chini, nikaushusha polepole. Ulinitazama muda mrefu, na yeye alikuwa anakupiga wakati wote huo. Halafu ulitabasamu. Ulipiga goti la kulia, ukapiga la kushoto, ukaweka glavu zote mbili juu ya turubai, moja kando ya nyingine, kama mtu anayeacha viatu mlangoni.

Hilo ndilo jibu lako. Ulishuka mwenyewe, ukiwa na akili zako, siku uliyotaka wewe, na ulishuka kwa ajili yangu. Hakuna aliyekuangusha.

Mkufunzi alianza kuhesabu. Alifika sita. Bwana Mutlaq alisema, "La. Huyu haanguki." Akageuka akanitafuta na mimi, akanipata. "Nimeahidiwa haanguki." Akavua glavu ya kulia kwa meno. Akakupiga sikioni ukiwa umepiga magoti. Mkufunzi alimrukia kiunoni, naye akapiga tena juu ya kichwa cha mkufunzi. Ulienda mbele kwa uso, mikono haikutangulia. Mguu wako ukaanza kutetemeka peke yake.

Kando yangu kulikuwa na miti ya miavuli, imesimamishwa, minene kama kifundo cha mkono. Sikumbuki kuuchomoa mmoja wala kuvuka kamba. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata tayani, nikaona meno mawili yakitoka na kuanguka juu ya turubai karibu na glavu zako. La tatu lilimpata mgongoni alipokuwa anaanguka. Alianguka, mjomba. Alianguka kwa kishindo mbele ya wageni sitini, na Bi. Hadil akanishika mikono kwa nyuma kabla ya la nne.

Mengine Mama amekueleza: gari la wagonjwa, damu iliyoganda chini ya fuvu, siku tisa usizungumze. Madaktari walinionyesha picha. Kulikuwa na damu mpya, na chini yake damu ya zamani ya miezi mingi, tabaka juu ya tabaka. Walifikiri mimi ni mkeo, wakaniuliza kwa ukali kwa nini sikukuleta mapema.

Bwana Mutlaq hakunishtaki. Angelazimika kuandika mahali kwamba aliangushwa na msichana wa kadi. Video zilifutwa, wageni wakapewa usiku mmoja wa bure. Mimi nimehamishiwa kwenye chumba cha dobi, nakunja shuka. Ripoti niliikabidhi kabla. Bi. Hadil aliisoma akasema ni nzuri mno na haiwezi kutumika.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia Mama. Bwana Mutlaq amerudi kwenye orodha. Amekodi namba tisa kwa Idi ya kuchinja. Ombi lake liko kwenye mashine kwa maneno yake mwenyewe: ndoo ya barafu kama kawaida, na anauliza kama yule msichana bado yupo.

Mama anataka nirudi nyumbani. Karatasi ya kutoka nchini iko tayari, Bi. Hadil ameishughulikia mwenyewe, sijui kwa huruma au kwa hofu. Mimi sijaisaini. Usiku wa tarehe ile, damu yako ikiwa bado kwenye kucha zangu, nililala usingizi mtamu ambao sijawahi kuulala. Nikiamka mikono inatafuta ule mti. Uko ghalani, nyuma ya maboya. Nimeenda kuuangalia mara nne. Sikulipata lile pigo la nne, na nadhani naye analitaka. Nimeandika ripoti ya kurasa arobaini kuhusu watu wanaorudi, na sasa najua ningeweza kuiandika bila kumhoji mtu.

Sikuombi ruhusa. Nimekwambia tu.

Mpwa wako,
Mwatime


Ukunda
19 Juni 2023

Mpwa wangu Mwatime,

Anayeandika ni mama yako, maneno ni yangu. Nimemkataza kuongeza lolote, na amekasirika. Barua inaletwa na Lydia wa kwa mwalimu, anakuja huko kazi ya unesi, ndege yake kesho kutwa. Nimemwambia akupe mkononi kabla ya Idi, hata kama itabidi aje hadi kwenye hilo dobi lako.

Marahaba. Hapa wazima. Nakula, nagombana, nanyolewa vibaya. Mkono wa kulia bado, mguu unakuja. Asante kwa kunieleza. Sasa najua. Sitauliza tena.

Mama yako amenisomea barua zote, zako na zangu, maana zangu Gilbert alizibeba pamoja na vitu vyangu, nakala nilizokuwa nikiandika kwanza nikakosea. Nimesikia kwamba habari ya paka nimekuhadithia mara mbili. Aibu. Lakini nimeona pia kwamba mara zote mbili sikuimalizia, na mwisho wake naukumbuka vizuri, kuliko hata jina la mtaa niliokaa. Kwa hiyo nakuhadithia mara ya tatu, nawe usiseme umeshasikia.

Kulikuwa na paka jimu kwetu. Kila siku anakaa juu ya mizani ya mabondia, mkia ameukunja. Ukimfukuza anarudi. Mkufunzi alimwandika ubaoni. Kilo nne na robo. Baadaye tatu na nusu. Tukamwekea maziwa upande wa pili wa chumba, hakwenda. Tukamwekea dagaa, akawageukia mara moja, akarudisha macho ukutani. Siku moja katika Ramadhani, hakuna mazoezi, mkufunzi na mimi tukaisogeza mizani ili tupige deki. Nyuma yake, chini ya ukuta, kulikuwa na tundu. Mkufunzi akachutama akamulika kwa simu. Akaniambia, "Mzee, hakuna kitu." Palikuwa na utando wa buibui mlangoni, mzima, haujaguswa. Panya alikuwa ameshaondoka tangu zamani, pengine tangu siku ya kwanza.

Tukaziba tundu kwa saruji. Paka akaona kwa macho yake tukiziba. Kesho yake asubuhi nilimkuta juu ya mizani.

Mkufunzi aliendelea kumwandika ubaoni mpaka tulipokuja huko kwenu. Nilitaka tu ujue namba ya mwisho, kwa sababu sikuwahi kukuandikia. Ilikuwa kilo mbili na robo.

Mama yako ameshatandika kitanda chako. Karatasi uisaini.

Mjomba wako,
Yassir